Seva ya Chumba cha Nyuma, Kabati la Kukodi au Wingu la Ng'ambo?

Neno "endelevu" lina sura mbili, na wauzaji wa huduma za wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine unazozitumia kupitia intaneti, hupenda kukuonyesha moja tu. Sura ya kwanza ni ya mazingira: umeme kidogo, moshi kidogo, taka kidogo. Ya pili ni maana ya asili ya neno lenyewe, yaani kuendelea: biashara iwe bado ipo na hesabu zake zisomeke baada ya moto, wizi, mkongo wa intaneti wa baharini kukatika au shilingi kuporomoka. Nimeona ofisi zikipata la kwanza zikakosa la pili. Na mara nyingi zaidi nimeona ofisi zikidhani zimepata yote mawili kwa sababu tu seva haipo tena mbele ya macho yao.

Tutumie ofisi moja ya mfano ili tusielee hewani. Ni wakala wa forodha Mombasa, wafanyakazi 22, ghorofa ya pili upande wa Moi Avenue. Wana programu ya uhasibu, barua pepe, na mafaili ya wateja ya miaka minane: hati za shehena, ankara, stakabadhi za ushuru. Seva iko katika kijichumba kilichokuwa cha kupikia chai. Humo mna UPS (betri ya dharura umeme ukikatika), kiyoyozi kinachonguruma usiku na mchana, na kutu, maana hewa ya chumvi haibishi hodi. Jenereta iko chini uani. Seva imetimiza miaka sita na fundi amesema diski zimechoka.

Njia ziko tatu. Wanunue seva nyingine. Au wakodi nafasi, yaani kabati la seva, kwenye kituo cha data cha humu humu nchini. Mombasa kwenyewe vipo, iColo kwa mfano, na Nairobi ni vingi zaidi. Au wahamie wingu la kampuni kubwa za dunia, ambazo kwa kusini mwa Jangwa la Sahara zimejenga zaidi Afrika Kusini: Microsoft ilifungua huko mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024.

| | Seva ofisini | Kabati la kukodi nchini | Wingu la ng'ambo |
|---|---|---|---|
| Fedha ya kuanzia | Nyingi, kwa mkupuo | Ya kati | Karibu hakuna |
| Bili huja kwa | Shilingi | Shilingi au dola, soma mkataba | Mara nyingi dola |
| Umeme ukikatika mtaani | Mzigo wako | Mzigo wao | Kwako ni ruta na kompyuta tu |
| Mkongo wa baharini ukikatika | Mafaili unayo | Unayo, laini ya ndani ikiwa nzima | Huyafikii |
| Ofisi ikiungua | Yameenda | Yapo | Yapo |
| Kuongeza uwezo ghafla | Wiki | Siku | Dakika |

Jedwali hili ni la kuanzia mazungumzo. Uamuzi wenyewe uko katika mambo ambayo hayaingii kwenye kisanduku.

Umeme na moshi: hapa ndipo watu hudanganyika

Hoja ya kawaida ni kwamba wingu ni safi kuliko seva ya ofisini, na kwa upande wa matumizi ya umeme ni kweli. Seva ya ofisi ndogo hukaa bure sehemu kubwa ya siku, na usiku kucha inakula umeme bila kumhudumia mtu. Katika kituo kikubwa mashine moja hugawanywa kwa wateja wengi, kwa hiyo haikai bure. Upoozaji nao ni wa hesabu kali: Google huripoti kwamba kwa kila yuniti inayofika kwenye kompyuta zake, nyongeza ya kupooza na mengineyo ni karibu asilimia 10 tu. Wastani wa vituo vya dunia ni zaidi ya nusu yuniti. Kile kiyoyozi cha chumba cha chai, ambacho mlango wake hauzibi vizuri, huenda kinakula sawa na seva yenyewe.

Sasa tuhesabu. Seva inayokula wati 300 mfululizo hutumia karibu yuniti 2,600 kwa mwaka. Ongeza kiyoyozi, sema 5,000. Tuseme wingu lingefanya kazi ile ile kwa moja ya tano, yuniti 1,000. Mwuzaji atakwambia umeokoa asilimia 80, atakupa na cheti.

Lakini yuniti hizo zimetoka wapi? Umeme wa Kenya, karibu asilimia 90, hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Umeme wa Afrika Kusini, zaidi ya asilimia 80, ni makaa ya mawe, na kila yuniti huacha karibu kilo moja ya kaboni hewani. Hata nikikadiria umeme wa Kenya kwa ukali, gramu 150 kwa yuniti, seva ya ofisini inatoa kilo 750 kwa mwaka. Wingu la Cape Town au Johannesburg, yuniti 1,000 kwa gramu 900, ni kilo 900. Umepunguza umeme mara tano na moshi umeongezeka. Kwa ofisi iliyo Johannesburg hesabu hii ingegeuka kabisa, kwa sababu kule seva ya ofisini na seva ya wingu hunywa kisima kimoja.

Kabla wenye seva hawajashangilia, kuna jenereta. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni. Jenereta inayokunywa lita tatu kwa saa, ikiwashwa saa mia kwa mwaka, yaani chini ya saa mbili kwa wiki, inaongeza kilo 800 na ushee. Faida yote ya Olkaria imeteketea uani kwako. Ni kweli jenereta haiwaki kwa ajili ya seva peke yake, taa na kompyuta za mezani nazo hudai. Lakini seva ndiyo inayoifanya iwake saa nane za usiku wakati ofisi haina mtu. Sola na betri za kubeba seva usiku hubadilisha hesabu hii kuliko kuhama kokote, na kwa jua la Pwani si ndoto.

Kwa msomaji wa Tanzania hesabu iko katikati. Gesi asilia bado inabeba sehemu kubwa, ila tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024, na bwawa zima lina uwezo wa megawati 2,115, umeme wa maji umepanda sana.

Njia ya katikati ndiyo inayosahaulika. Kabati la kukodi Nairobi au Mombasa linakupa upoozaji wa kitaalamu pamoja na umeme wa Kenya. Kwa mazingira peke yake, ndilo ningelichagua kwa ofisi ya Kenya bila kusita. Wingu la ng'ambo nalo linaweza kuwa safi ukichagua eneo: mteja anaruhusiwa kuweka mashine zake Stockholm au Paris, ambako umeme hauna makaa mengi. Wengi huacha eneo ambalo programu imewachagulia, bila kuuliza. Ireland, inayopendwa sana, ilifikia mahali ambapo mwaka 2023 vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa na mita nchini humo. Nalo tangazo la Microsoft na G42, kampuni ya Falme za Kiarabu, la Mei 2024, la kujenga kituo kinachotumia mvuke wa Olkaria, ni habari njema, ila mafaili yako hayawezi kulala juu ya tangazo.

Kuhusu ahadi za kijani za kampuni hizi, nazisoma kwa jicho moja. Ripoti ya Google yenyewe ilisema uchafuzi wake ulipanda kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilikula karibu asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024, na kwamba matumizi hayo yataongezeka zaidi ya maradufu ifikapo 2030. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni akili bandia, wala si daftari za wakala wa forodha, lakini nyumba ni moja.

Taka nitaipitia haraka. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kurejelezwa ipasavyo. Seva ikitunzwa na kutumika miaka minane ni afadhali kuliko kubadilishwa kila minne, ofisini au winguni. Ukiacha yako, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu na diski zikiwa ndani. Huo si uharibifu wa mazingira tu, ni kugawa siri za wateja kwa kilo.

Siku mkongo ulipokatika

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini, upande wa bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine waliamka Jumatatu wakiwa na intaneti ya kusuasua au hawana kabisa. Miezi michache kabla, mikongo mingine ilikuwa imekatwa katika Bahari ya Shamu. Ofisi ambazo kila kitu chao kilikuwa winguni ziligundua siku hiyo kwamba zina kompyuta 20 nzuri za kutazamana nazo.

Wakala wetu wa Mombasa angesemaje? Seva ya ofisini ingemruhusu kufungua mafaili, kuandika ankara, kumjibu mteja kwa simu. Lakini tusijidanganye: tamko la forodha hupelekwa kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), na huko huendi bila mtandao, uwe na seva mezani au usiwe nayo. Kwa kazi ya aina hii, nusu ya uhuru wa seva ya ndani umeshaondoka zamani. Kwa duka la jumla, zahanati au hoteli ya Nungwi hali ni tofauti. Mgonjwa yuko mbele yako, mteja ana pesa mkononi, na unachohitaji ni programu inayoendelea kurekodi bila mtandao kisha ipatanishe yenyewe laini ikirudi.

Kuna mkato mwingine usiosababishwa na nanga ya meli. Uganda ilizimiwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania ilipata hali hiyo kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa. Anayeweka mpango wa biashara Afrika Mashariki aandike kwenye kalenda mwaka wa uchaguzi kama anavyoandika masika.

Upande wa pili wa mizani ni umeme. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote iliingia gizani hadi siku ya pili. UPS ya kijichumba cha chai ina dakika 20. Kituo cha data kina jenereta juu ya jenereta na dizeli ya siku kadhaa, na wingu la Cape Town hata halikujua kwamba Mombasa kuna giza. Dawa ya bei nafuu ni kuwa na laini mbili za intaneti zinazopita njia tofauti. Mombasa ina bahati: mbali na SEACOM na EASSy inatua TEAMS, inayokwenda Fujairah, na mingineyo. Muulize anayekuuzia laini mkongo wake ni upi. Akishindwa kujibu, umeshapata jibu.

Na wingu lenyewe huanguka. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu katika eneo la Amazon la Virginia, Marekani, ilisimamisha huduma nyingi duniani kwa saa kadhaa, zikiwamo za watu wasiojua kwamba programu zao zinategemea Virginia.

Bili ya dola, mapato ya shilingi

Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikashuka na kutulia karibu 130. Bili ya dola 200 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi 24,800 hadi 32,000 bila wewe kuongeza hata faili moja, na wateja wako hawakukubali kupandishiwa bei kwa kiwango hicho. Juu yake weka VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara. Seva ya ofisini nayo hununuliwa kwa bei ya dola, lakini unaumia mara moja kila miaka sita, na unaweza kusubiri shilingi ipate nguvu.

Faida ya kweli ya wingu kwenye pesa ni kulipia unachotumia. Inatimia kwa anayezima tu. Ofisi inayofanya kazi saa 11 kwa siku, siku sita, hutumia saa 66 kati ya 168 za wiki. Mashine ya uhasibu ikizimwa saa zilizobaki, bili yake ya uchakataji inashuka kwa asilimia 60, na umeme pia. Nilipoombwa kukagua akaunti ya kampuni moja, nilikuta mashine tatu za majaribio zikilipiwa kwa miezi 14. Aliyeziwasha alishahamia kazi nyingine. Ofisini zingeonekana, zingepiga kelele, mtu angejikwaa waya. Winguni uzembe hauna sauti.

Kutoka nako kuna bei. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa hulipiwa kwa kila gigabaiti. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft walitangaza kuondoa ada hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja, baada ya shinikizo la sheria mpya za Ulaya. Anayetoa data kila siku bado hulipa.

Ufunguo uko mfukoni mwa nani

Kwa usalama wa jengo, wingu linashinda bila mjadala. Hakuna atakayevunja dirisha la Johannesburg kubeba seva yako, wala bomba la maji la ghorofa ya tatu halitaifikia. Lakini kampuni hulinda jengo, ufunguo unalinda wewe. Ofisi moja niliyoisaidia ilikuwa imefungua akaunti kwa barua pepe binafsi ya kijana wake wa IT, na kulipia kwa kadi ya mkurugenzi. Kijana akaacha kazi kwa ugomvi, kadi ikaisha muda, onyo za malipo zikawa zinakwenda kwenye barua pepe isiyofunguliwa. Siku huduma iliposimamishwa, hakuna aliyeweza kuthibitisha kwa kampuni ya ng'ambo kwamba ofisi hiyo ndiyo mwenye mali. Ilichukua wiki mbili na barua za wakili. Hiyo haikuwa hitilafu ya teknolojia hata kidogo, ila seva ya chumba cha chai isingewahi kuuliza "wewe ni nani?"

Mambo mawili yaliyotokea kwa wakubwa yanafaa kukumbukwa. Machi 2021 kituo cha kampuni ya wingu ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na baadhi ya wateja wakagundua bakapu zao, yaani nakala za akiba, zilikuwa zimelala hapo hapo na seva zao. Mei 2024 kosa la mipangilio upande wa Google lilifuta wingu binafsi la UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mfuko ulirudi hewani baada ya takriban wiki moja, na kilichosaidia ni bakapu, zikiwamo ambazo walikuwa wameziweka kwa kampuni nyingine kabisa. Mmoja alikuwa na nakala mbili kapu moja, mwingine makapu mawili.

Sheria haifungi mlango wa wingu, inataka ubishe hodi tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Rwanda ni kali zaidi, hutaka taarifa binafsi zikae nchini mpaka mamlaka iruhusu vinginevyo. Zahanati na SACCO zisome masharti hayo kwanza, bei baadaye. Kumbuka pia kwamba kampuni ya Kimarekani inaweza kuamriwa kisheria na Marekani kutoa data hata ikiwa imehifadhiwa nje ya Marekani. Sheria hiyo ni ya 2018.

Ningemchagulia nani nini

Wakala wetu wa Mombasa: barua pepe na mafaili ya kila siku, winguni, kwa kuwa kazi yake haiendi bila mtandao hata hivyo. Uhasibu na kumbukumbu za miaka minane, mashine ya kukodi kwenye kituo cha Mombasa au Nairobi, mkataba uwe wa shilingi. Ofisini kibaki kisanduku kidogo cha diski mbili kisichohitaji kiyoyozi, chenye nakala ya usiku uliopita. Kile chumba kirudishiwe birika.

Zahanati au hoteli ya mbali: rekodi za ndani ziwe za kwanza, wingu liwe la bakapu, na sola kabla ya jenereta. Kampuni changa inayotengeneza programu na haijui mwezi ujao itakuwa na wateja 50 au 5,000: wingu, wala isinunue chuma chochote, ila ichague eneo kwa kusudi na iweke kikomo cha bili siku ya kwanza. Kiwanda chenye seva nzima ya miaka mitatu na fundi mzuri hakina sababu ya kuhama mwaka huu. Kipeleke bakapu nje ya uzio, basi.

Na kabla ya kusaini chochote, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, zima ruta kwa dakika kumi bila kumwambia mtu. Tembea ofisini na karatasi. Andika nani alinyanyua mikono, nani aliendelea kuandika, na nani alikuja mbio kuuliza nywila ya seva iko kwa nani.